UZI: Alifaulu la saba, akakwama kidato cha kwanza. Mbinu na zana za kusomea kwa wanafunzi wenye disleksia

Mwanzisha uzi

Wanajukwaa, salaam.

Mimi ni mwalimu wa Biolojia katika shule ya sekondari mkoani Morogoro, na ni mama wa kijana wa kidato cha tatu mwenye disleksia. Nimefungua uzi huu kwa sababu kwa muda wa miaka mitatu nimekuwa nikiulizwa swali moja na wazazi mbalimbali, kwenye vikao vya shule, kwenye daladala, hata msibani: inakuwaje mtoto aliyemaliza darasa la saba kwa alama nzuri afike kidato cha kwanza na kushika mkia? Wapo wanaosema ni makundi mabaya, wapo wanaosema ni simu, na wapo wanaoamini mtoto amerogwa. Sikatai kwamba sababu ziko nyingi. Hata hivyo, nimeshawishika kwamba baadhi ya watoto hao walikuwa na disleksia tangu darasa la kwanza, Kiswahili kikawasitiri, kisha Kiingereza kikawaanika. Mzazi au mwalimu asiyelijua hilo atamnunulia mtoto tuisheni juu ya tuisheni bila kugusa penye tatizo.

Disleksia si ugonjwa wa macho wala si upungufu wa akili. Ni ugumu wa kuzaliwa nao, unaohusu zaidi jinsi ubongo unavyoshughulikia sauti za lugha: kuzitenga sauti zilizomo ndani ya neno, kuzishika akilini kwa muda mfupi, na kuzioanisha haraka na herufi zake. Mwenye hali hii anaweza kusimulia jambo kwa ufasaha, akakumbuka kila alichoelezwa, akapiga hesabu za kichwa, lakini ukimpa aya ya mistari kumi anajikongoja. Makadirio mengi huweka idadi yao kati ya asilimia 5 na 10 ya watu, na hali yenyewe hutembea katika ukoo. Kaka yangu wa tumbo moja, mjomba wa huyu mwanangu, aliacha shule darasa la sita akiitwa mzito, na leo ni fundi magari anayeijua injini kwa kuisikiliza tu. Laiti mtu angemtambua mapema!

Sasa nije kwenye lugha, maana hapo ndipo penye kiini. Tahajia ya Kiswahili ni nyoofu: irabu ni tano, kila moja ina sauti yake popote ilipo, na silabi nyingi huishia na irabu. Ukishajua kanuni unaweza kulisoma neno usilolijua maana. Kiingereza hakiko hivyo, kwa kuwa herufi zake 26 zinabeba sauti zipatazo 44, na kundi moja la herufi husomwa kwa njia nyingi, kama tunavyoona katika though, through, tough na cough. Mwaka 2003 Philip Seymour na wenzake walichapisha ulinganisho wa watoto wanaoanza kusoma katika lugha kadhaa za Ulaya. Mwishoni mwa mwaka wa kwanza, watoto wa Kifini walisoma maneno ya kawaida kwa usahihi wa asilimia 98, ilhali watoto wa Uskoti, waliokuwa wakisoma Kiingereza, walifikia asilimia 34 tu. Hao ni watoto wa kawaida, na Kiingereza kilikuwa lugha yao ya shule. Kwa upande huu, Kiswahili ni ndugu wa Kifini.

Kutokana na unyoofu huo, mtoto mwenye disleksia anayesoma Kiswahili kwa kawaida hufika mahali akasoma kwa usahihi, ila polepole mno. Heinz Wimmer aliliona jambo hilohilo miaka ya 1990 kwa watoto wa Austria wanaosoma Kijerumani, ambayo nayo ni lugha yenye tahajia nyoofu kuliko Kiingereza: makosa yao hayakuwa mengi, mwendo ndio uliokuwa wa kobe. Kwetu, mtoto wa namna hii hupita. Anakariri kitabu cha darasa la kwanza kwa kuwasikiliza wenzake, anajibu maswali ya kuchagua, anafaulu. Hakuna anayempima kasi.

Mwaka 1999 Taeko Wydell na Brian Butterworth walieleza habari za kijana mmoja aliyekulia Japani, mwana wa wazazi wanaozungumza Kiingereza, ambaye alisoma Kijapani vizuri sana lakini katika Kiingereza alikuwa na disleksia ya wazi. Ubongo ni uleule, mtoto ni yuleyule, ila mfumo wa maandishi ndio uliobadilika. Niliposoma habari hiyo nilimwona mwanangu.

Alipoingia kidato cha kwanza alipata alama 18 kwa 100 katika somo langu mwenyewe, Biolojia, kwenye shule anayosoma yeye, ambayo si ile ninayofundisha. Jioni moja nilimketisha mezani na kitabu chake. Alianza kusoma sentensi, akafika kwenye photosynthesis, akatamka "foto", akanyamaza, akanitazama na kuuliza, "Picha?" Mstari uliofuata ulikuwa na through, naye akasoma thought. Baada ya dakika sita alikuwa amemaliza aya moja na jasho limemtoka. Nikafunga kitabu, nikamwambia anieleze kwa Kiswahili jinsi mmea unavyojitengenezea chakula. Alinieleza mwanga wa jua, maji kutoka mizizini, hewa ya kabonidayoksaidi inayoingia kwenye vitundu vya jani, na sukari inayopatikana. Hakuacha kitu. Elimu alikuwa nayo yote kichwani, ila mlango wa karatasi ulikuwa umefungwa.

Wakati huohuo, darasani kwake kulikuwa na mwalimu aliyewasimamisha wenye alama za chini wasome kwa sauti mbele ya wenzao, wakikosea wanachekwa. Mwanangu alianza kuumwa tumbo kila Jumatatu. Sitaitaja shule wala mwalimu, kwa kuwa naamini hakujua alilokuwa akilifanya, lakini nawasihi walimu wenzangu tuliache jambo hili. Usomaji wa kushtukiza mbele ya darasa haumfundishi kusoma mtoto wa namna hii, unamfundisha kuichukia shule.

Hatua ya kwanza niliyochukua ilikuwa kumpeleka hospitali apimwe macho na masikio. Fanyeni hivyo kabla ya jambo lingine lolote, kwa sababu mtoto asiyeona ubao vizuri au asiyesikia sawasawa anaweza kuonyesha dalili zinazofanana na hizi, na tiba yake ni tofauti kabisa. Vipimo vyote viwili vilipotoka safi, ndipo nilipoanza kujifunza niliyoyaandika hapa. Nakaribisha maswali, hasa kutoka kwa wanaoishi na jambo hili nyumbani au darasani.

Mchangiaji, mwalimu wa darasa la pili

Ahsante, mwalimu mwenzangu. Mimi nina watoto 94 katika chumba kimoja, na wanaoshindwa kusoma hawakosekani. Naomba unisaidie mambo mawili. Kwanza, nitamtofautishaje mwenye disleksia na mtoto ambaye hajafundishwa vizuri au aliyekuwa mtoro? Pili, wapo wanaoandika "kalamu" kama "karamu" na "dhahabu" kama "zahabu". Je, hao nao wamo?

Mwanzisha uzi

Mwalimu, nianze na la pili kwa kuwa jibu lake ni fupi: hao hawamo kwa kosa hilo pekee. Kuchanganya r na l, au dh na z, mara nyingi kunatokana na matamshi ya nyumbani. Mtoto anaandika anachokisema, na hiyo ni dalili kwamba masikio na mkono vinashirikiana vizuri. Vivyo hivyo kugeuza b kuwa d katika miezi ya mwanzo ni jambo la watoto wote. Linapoendelea hadi darasa la tatu, likiandamana na mengine, ndipo tuangalie kwa makini.

Kuhusu swali la kwanza, kipimo ninachokiamini zaidi ni cha mdomo, kisicho na herufi hata moja. Mwambie mtoto atamke "paka", kisha aondoe sauti ya kwanza aseme kinachobaki. Mwulize "meza" na "mama" vinafanana wapi. Mpe vizibo vya soda, atamke "kiti" polepole na kusogeza kizibo kimoja kwa kila sauti anayoisikia, vinne kwa jumla. Mtoto aliyekuwa mtoro, ukimwonyesha mara chache, hushika mchezo huu na kusonga mbele. Mwenye disleksia huendelea kuhangaika ingawa anakuelewa, anataka kufanya, na anazungumza vizuri tu. Dalili ya pili ni kwamba ukimfundisha kwa bidii wiki tatu, wenzake aliokuwa nao mkiani wanamwacha.

Halafu, naomba niseme jambo ambalo huenda walimu wakongwe wasilipende. Wimbo wa "ba, be, bi, bo, bu" ni mzuri, lakini unaweza kutudanganya. Mtoto mwenye disleksia huukariri kama wimbo mwingine wowote, akawa anaimba huku kidole kinatembea ubaoni bila kusoma kitu. Chukua kadi ya manila, andika "be" peke yake, kesho yake "bu", kisha uzichanganye na "de" na "du". Hapo utajua nani anasoma na nani anaimba.

Katika kufundisha, msingi wa mbinu zinazotumika duniani kote uliwekwa Marekani na daktari Samuel Orton na mwalimu Anna Gillingham katika miaka ya 1920 na 1930. Wazo lao ni kwamba herufi ifundishwe kwa njia ya macho, masikio na mkono kwa wakati mmoja, hatua kwa hatua, kwa marudio mengi, bila kuruka ngazi. Kwa mazingira yetu hili halihitaji fedha. Mtoto anaichora herufi kubwa mchangani kwa kidole huku akitamka sauti yake, si jina lake. Anaifinyanga kwa udongo. Anaiandika hewani kwa mkono mzima. Dakika kumi na tano kila siku zinashinda saa mbili za Jumamosi.

Kiswahili kina mahali pake pagumu ambapo mtoto huyu hujikwaa, napo ni kwenye herufi zinazoungana: ng na ng', mb, nd, nj, mw, ny, dh, gh. Nafundisha jozi kwa kugongana, kwa mfano "ngoma" na "ng'ombe", mtoto akiweka kidole puani asikie sauti inavyopita katika neno la pili. Msizifundishe zote katika wiki moja. Chukueni moja, ikae, ndipo mlete nyingine.

Ipo pia hazina ambayo naona tunaikalia. Vitenzi vyetu ni virefu na humtisha msomaji dhaifu, lakini vimejengwa kwa vipande vinavyojirudia. Chukua "hawakutuletea". Mwanangu alikuwa akiliona kama ukuta mmoja. Nililiandika kwenye utepe wa manila, tukalikata kwa mkasi: ha, wa, ku, tu, let, e, a. Kipande cha kukanusha kikapakwa rangi nyekundu, cha mtenda buluu, cha wakati kijani, cha mtendewa njano, na mzizi ukaachwa mweusi. Kisha tukabadilisha vipande, tukapata "walituletea", "hawatatuletea", "tukiwaletea". Baada ya mwezi mmoja jicho lake lilianza kuvitambua vipande kabla ya kuvitamka, na kasi yake ikapanda. Kila mwanafunzi wa Kiswahili anafundishwa uambishaji kwa ajili ya mtihani wa sarufi, lakini mtoto mwenye disleksia anauhitaji kwa ajili ya kusoma kwenyewe.

Kwa kasi, tumieni usomaji wa kurudia, ambao S. Jay Samuels aliuandikia mwaka 1979. Mtoto anapewa kifungu kifupi, cha maneno hamsini hadi mia moja, anakisoma mara tatu au nne, na kila mara unahesabu muda kwa simu na kuuandika mahali anapouona. Anashindana na nafsi yake, wala hashindanishwi na mwenzake. Nyumbani mnaweza kusoma pamoja kwa sauti moja, mzazi akifuata mwendo wa mtoto, na akikwama sekunde chache mnamtajia neno mnaendelea. Msigeuze kila neno kuwa mtihani.

Na imla, tafadhali, iwe ya maneno matano badala ya ishirini. Alitazame neno, alitamke, alifunike, aliandike, alilinganishe. Kosa lisahihishwe palepale, si baada ya siku tatu.

Mchangiaji kutoka Kisumu

Hongera kwa uzi huu, mama. Niongezee kwa wasomaji wa Kenya kwamba tuna vituo vya upimaji wa kielimu, vile vinavyojulikana kama EARC, vilivyoanza mwaka 1984, ambako mzazi anaweza kumpeleka mtoto akapimwa na kupewa mapendekezo kwa maandishi. Sisi shida yetu inaanza mapema zaidi, kwa sababu watoto wengi wa mjini wanaanza kusoma kwa Kiingereza tangu chekechea, na yule mwenye disleksia anaanguka kabla hajaonja ushindi wowote. Binti yangu tulimrudisha kwenye Kiswahili kwanza kwa muhula mzima, ndipo akapata imani kwamba naye anaweza kusoma. Naomba utueleze sasa jinsi ulivyomsaidia kijana wako kwenye Kiingereza.

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu wa Kisumu, mlifanya jambo la busara sana, nami nalipendekeza kwa kila mzazi mwenye nafasi ya kuchagua: mtoto aonje kwanza lugha yenye tahajia nyoofu.

Kwenye Kiingereza nilianza na kosa. Nilimpa orodha ya maneno hamsini ayakariri, akakariri kumi, akasahau manane. Niliporudi kwenye sauti ndipo mambo yalipobadilika. Tulijifunza kwamba ph husomwa kama f, kwamba e ya mwisho mara nyingi iko kimya lakini inaibadilisha irabu iliyo kabla yake, kama katika hop na hope, na kwamba tion husomwa "shen". Kila kanuni ilipata kadi yake yenye mifano mitatu kutoka kwenye vitabu vyake vya kidato cha kwanza. Ilimshangaza kijana wa miaka kumi na minne kufundishwa sauti za herufi kama mtoto wa chekechea, na siku za kwanza aliona haya, kwa hiyo tulifanya chumbani mlango umefungwa. Wazazi wa vijana wakubwa, lindeni heshima yao katika hili.

Msamiati wa sayansi, ajabu ni kwamba ndio uliokuwa rahisi zaidi, kwa kuwa maneno yake yamejengwa kwa vipande vya Kigiriki na Kilatini, kama vitenzi vyetu. Photo ni mwanga, synthesis ni kuunda kwa kuunganisha, logy ni elimu, bio ni uhai, hydro ni maji. Alipojua kwamba photo ni mwanga, aliucheka ule usiku wa "Picha?", kisha akaniambia kumbe hata picha ni kazi ya mwanga. Maneno yenye hatari ni yale madogo yasiyo na sura: through, though, thought, where, were, was, saw. Hayo hayana ujanja. Tuliyaweka manne kwa wiki, kila neno ndani ya sentensi yake, na kuyarudia siku ya pili, ya nne na ya nane.

Kuhusu kusoma somo zima, kanuni yangu ni kwamba maana itangulie maandishi. Kabla mtoto hajafungua sura mpya, mtu amweleze kwa Kiswahili sura hiyo inahusu nini, kwa dakika tano. Kisha atazame michoro na vichwa vya habari. Ndipo asome, akiwa na kadi nyeusi yenye kidirisha kinachoonyesha mstari mmoja tu. Akimaliza aya, afunge kitabu na aseme alichoelewa, ikiwezekana ajirekodi kwenye simu. Notisi zake ziwe michoro, mishale na maneno machache, si aya zilizonakiliwa ubaoni. Kunakili ubaoni ni adhabu kwa mtoto huyu, kwa sababu anaposhughulika na herufi hasikii mwalimu anasema nini. Mimi darasani kwangu siku hizi nawaruhusu wanafunzi wa namna hii wachukue notisi kwa mwenzao na kuzipiga picha.

Mchangiaji, mwanafunzi wa chuo

Mimi nina disleksia na nimefika mwaka wa pili chuoni kwa msaada wa rafiki aliyekuwa akinisomea. Nasoma uzi huu machozi yakinilengalenga, maana sikuwahi kujua kwamba kwenye Kiswahili na kwenye Kiingereza hali yaweza kutofautiana. Naomba kuuliza kuhusu programu za simu, na pia kuhusu miwani za rangi na hati maalumu za maandishi (fonti) zinazotangazwa mtandaoni. Zinafaa?

Mwanzisha uzi

Mwanangu, hongera, na umpe salamu zangu huyo rafiki yako.

Simu uliyonayo mkononi inaweza kuwa msomaji wako. Simu nyingi za Android zina, ndani ya mipangilio ya ufikivu (Accessibility), uwezo wa kusoma kwa sauti maandishi unayoyagusa, na ukishapakua sauti ya lugha husika huhitaji bando kila mara. Kwa kitabu cha karatasi, Google Lens hupiga picha ukurasa na kuugeuza kuwa maandishi yanayosikilizika. Kwenye kompyuta, kivinjari cha Microsoft Edge kina sauti za Kiswahili, za Tanzania na za Kenya, na unaweza kuipunguza kasi. Fuata maandishi kwa macho huku ukisikiliza, usisikilize ukiwa umelala, kwa kuwa faida inapatikana jicho na sikio vinapokwenda pamoja. Kwa kuandika, kibodi ya Google inapokea Kiswahili cha kutamka tangu mwaka 2017. Sema insha yako yote kwanza, hata kama imevurugika, kisha ukae uipange. Wengi wetu tunashindwa kuandika kwa sababu wazo linakimbia wakati tunapigana na tahajia.

Kwa wadogo, upo mchezo wa GraphoGame, uliozaliwa katika Chuo Kikuu cha Jyväskylä nchini Ufini, ambao humfanya mtoto aoanishe sauti anayoisikia na herufi anazoziona. Umewahi kujaribiwa na watoto wa Lusaka kwa lugha ya Kinyanja. Naupenda kwa sababu unafundisha kile hasa kinachopungua, kuliko programu nyingi zenye picha za kuvutia zisizofundisha sauti.

Miwani za rangi usinunue. Madaktari wa watoto na wa macho wa Marekani walitoa tamko la pamoja mwaka 2009 kwamba hakuna ushahidi wa kutosha kuwa lenzi za rangi au mazoezi ya macho hutibu disleksia. Mzazi mwenye fedha kidogo aziweke kwenye mwalimu. Hati maalumu kama OpenDyslexic hazina madhara, na ukizipenda zitumie, lakini majaribio hayakuonyesha kwamba sura ya herufi peke yake huongeza kasi. Kilichoonekana kusaidia ni nafasi. Mwaka 2012 Marco Zorzi na wenzake waliwapa watoto 74 wenye disleksia, wa Kiitalia na wa Kifaransa, maandishi yenye nafasi kubwa zaidi kati ya herufi, nao wakasoma haraka zaidi na kwa makosa machache papo hapo, bila mafunzo yoyote. Kwa hiyo, ukichapa notisi zako, tumia herufi za kawaida kama Arial au Verdana, ukubwa wa 12 hadi 14, nafasi ya mistari moja na nusu, ukingo wa kulia usinyooshwe, na usiandike sentensi nzima kwa herufi kubwa. Walimu wanaotunga mitihani ya ndani wanaweza kulifanya hili kesho asubuhi.

Mchangiaji, mzazi wa mtahiniwa

Dada, binti yangu anafanya mtihani wa kidato cha nne mwaka ujao. Anajua, lakini muda unamwishia katikati ya karatasi. Nifanye nini?

Mwanzisha uzi

Kaka, anza wiki hii. Baraza la Mitihani la Tanzania lina utaratibu wa kuwaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalumu, dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Disleksia haionekani kwa kumtazama mtu, kwa hiyo hakuna atakayemkumbuka binti yako bila wewe kuleta karatasi. Nenda kwa mkuu wa shule pamoja na mwalimu wa taaluma, kisha kwa afisa anayeshughulikia elimu maalumu katika halmashauri yenu, uombe apimwe na taarifa iandikwe, na ufuatilie kama taarifa hiyo imefika kabla ya usajili wa watahiniwa kufungwa. Chukua nakala ya kila barua. Nakuomba usichoke ukiambiwa urudi kesho.

Wakati mkisubiri majibu, fanyeni kazi ya maneno ya maelekezo. Niligundua kwamba mwanangu alikuwa akipoteza alama nyingi kwa kulisoma vibaya neno la kwanza la swali kuliko kwa kutojua jibu. Alisoma distinguish kama discuss, akaandika ukurasa mzima mahali palipohitaji jedwali dogo la tofauti nne. Tulikusanya maneno hayo kutoka mitihani ya nyuma, tukapata kumi na mawili yanayojirudia: state, list, define, describe, explain, distinguish, outline, discuss, compare, identify, calculate, justify. Kila moja lina kadi yake, upande mmoja neno lililokatwa kwa silabi, upande wa pili maana kwa Kiswahili na mchoro wa umbo la jibu. Explain ina mshale wa "kwa sababu". Distinguish ina jedwali la safu mbili. Akipewa karatasi, dakika tano za kwanza haandiki jibu lolote, anazungushia duara maneno hayo tu kwenye maswali yote.

Muhula uliopita alipata 57 katika Biolojia. Bado anasoma polepole. Kadi zake zimechakaa pembeni, na juzi nilimkuta akimtengenezea seti nyingine mwenzake wa bwenini, kwa hiyo ukitaka nikupigie picha zake niandikie faragha, nitakutumia zote kumi na mbili.